Joto la Ghorofa ya Kumi na Tisa

1

Jina la Bi Kidawa lilitokea asubuhi kwenye kioo cha matangazo, kwa herufi nyekundu, mbele ya watu wote tuliokuwa tunasubiri lifti. Onyo la pili, kelele, ghorofa ya kumi na tisa. Nilisoma mara mbili, nikacheka kile kicheko kinachokuja mtu akiwa amekasirika hadi hajui aanzie wapi. Bi Kidawa anavua ndala akifika koridoni zisije zikapiga sakafu. Bi Kidawa akitaka kupiga chafya anafukia uso kwenye mto. Kama jengo zima la Utulivu lina mtu mmoja asiye na kelele, ni yeye, na watu wa pale kwenye lifti walijua hivyo, lakini wakaangalia simu zao.

Utulivu ni jina la kutudhihaki. Waliolijenga waliweka zege sakafuni tu, kuta wakasimamisha mbao nyembamba ambazo jirani akimenya muhogo unasikia kisu. Walipoona watu wanagombana kila siku, hawakurekebisha ukuta. Walitufunga sisi midomo. Kila chumba kikawekewa Sikio darini, kiduara cheupe cha ukubwa wa kisahani cha kahawa, ambacho kikiwa kijani umetulia, kikiwa njano jihadhari, na kikikaa chekundu robo saa soketi zako zinazimwa na jina lako linapanda kwenye kioo. Maonyo matatu, unahamishiwa Msongola kwenye vyumba vya mabati, na kitanda chako kinapata mwenyewe mpya kabla hakijapoa.

Nilipanda hadi juu. Bi Kidawa alinifungulia huku kidole kiko mdomoni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Sema polepole."

Ilikuwa mwezi wa saba, watu wa Dar wanavaa sweta asubuhi, lakini mle ndani hewa ilikuwa kama ya jikoni kwenye shughuli. Mume wake, Mzee Mfaume, ambaye alipooza upande mmoja na hajatoka kitandani mwaka mzima, alikuwa amelala na msuli peke yake, kitambaa kibichi kifuani, akihema kwa mdomo. Kwenye kigoda palikuwa na feni ya meza yenye panga lililopinda, inalia trrr kama kitu kinachotafuna msumari. Sikio lilikuwa la njano. Bi Kidawa alikuwa anaiwasha mzee akianza kutweta, anaizima Sikio likianza kuwa jekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake mchana na usiku, na mara mbili usingizi ulimshika feni ikiwa inazunguka.

Nilimwuliza joto hili limeanza lini. Akasema Dar na joto ni ndugu. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa kichwani kwa mzee, nikakitoa haraka. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kitu kinapita taratibu, kinagugumia, na mimi sauti hiyo ninaifahamu kuliko ninavyofahamu sauti ya mama yangu.

"Bibi, ukuta huu umeanza lini kuwaka?"

Alikikamua kitambaa, akakirudisha kifuani kwa mzee, akakinyoosha pembe zake zote.

"Tangu mlipomaliza kompyuta yenu," akasema. "Sikutaka kusema. Na mimi nilichangia. Mtu aliyechangia shughuli anakwendaje tena kuiharibu?"

2

Ni kweli alichangia, na alichotoa ndicho kilichokuwa na thamani kuliko vyote.

Mimi naitwa Asnath Mrutu, nakaa ghorofa ya saba, natengeneza simu za watu, na kwa miaka mingi nimetaka kitu kimoja tu: kushinda Ligi ya Mtumba. Ligi hiyo ina masharti yanayonipendeza. Unaunda mashine yako ya gemu mwenyewe kwa spea zilizokwisha kutumika, gharama yake isivuke kiwango kilichowekwa, na unaichezea pale pale nyumbani ulipoisajili. Ukiihamisha mlango wa pili tu, umejitoa. Mshindi anaingia karakana ya ligi kama muundaji, anaacha kubandua vioo vya simu maisha yake yote.

Sasa mtu asiye na kitu anaundaje mashine? Tulifanya kama tunavyofanya harusi. Erasto wa ghorofa ya tano, ambaye hajawahi kuona kundi la watu watatu bila kutaka kuwa mwenyekiti wake, aliunda kamati. Kukawa na vikao, soda, kadi za mchango zenye picha yangu niliyokodoa macho. Tofauti ilikuwa moja tu, watu hawakuleta hela, walileta vyuma. Erasto alileta kadi ya grafiksi, fundi umeme wa ghorofa ya nne akatoa pawasaplai, kile kisanduku cha kuilisha mashine umeme, mwalimu mmoja wa hesabu akatoa kasha lililobonyea. Tukapiga makofi kwa vidole viwili viwili ili Sikio lisikasirike.

Shida ilikuwa kelele. Kompyuta ya gemu ikichemka, feni zake zinalia kama kisagio cha unga. Nilijaribu yote ambayo mtu maskini anaweza kujaribu. Nilikata ndala kuukuu nikaweka mpira wake chini ya miguu ya kasha, mtetemo usishuke mezani. Niling'oa feni ndogo za mbio, nikafunga feni moja kubwa inayozunguka kivivu, maana panga pana linasukuma hewa ileile bila kupiga kelele. Niliipunguzia prosesa, ubongo wa mashine, umeme kidogo kidogo hadi nikapata mahali inapofanya kazi karibu ileile kwa joto pungufu. Mashine ikatulia, lakini kwenye mechi nzito, kadi ya Erasto ikipandwa na mori, Sikio lilikuwa linakimbilia njano. Ilibidi niipunguze nguvu, na nikiipunguza nafungwa.

Ndipo nikaukumbuka Mshipa. Hilo ni bomba linalopita jengo zima, limejaa maji mazito ya bluu yanayonyonya joto. Limewekwa kwa ajili ya mafriji. Kila jiko lina koki yake. Joto la friji linaingia kwenye maji, maji yanapanda hadi juu ya paa, huko linatupwa hewani, maji yanashuka yamepoa. Friji halina haja ya kunguruma. Feni yake ya dharura ipo, ya kelele sana, lakini inajiwasha Mshipa ukisimama tu. Nikasema, kama Mshipa unapoza maziwa ya watu, utashindwaje kupoza prosesa yangu?

Nilihitaji kipande kizuri cha shaba cha kukaa juu ya prosesa na kadi, maji yapite ndani yake. Hapo ndipo Bi Kidawa aliposhuka na kifurushi cha kanga. Mzee Mfaume alikuwa fundi wa viyoyozi kabla hajaanguka, na shaba ile aliiweka chini ya kitanda kwa miaka, akisema ataitumia kwenye kitu cha maana. Bibi alinikabidhi kwa mikono miwili. Kamati nzima ilisimama. Nikachora jinsi ya kuiunganisha na koki, na Erasto akaupiga picha mchoro wangu.

Siku niliyofungua koki, mashine ilinguruma kidogo, ikanyamaza kabisa. Nilisikia saa ya ukutani ya jirani. Nilicheza mechi nzito kuliko zote na Sikio halikutoka kwenye kijani. Nilishinda robo fainali, nikashinda nusu fainali, na kila mtu akanipongeza kwa kompyuta isiyo na sauti. Hakuna aliyeuliza joto limekwenda wapi, na mimi fundi nilijibu moyoni kwamba limekwenda juani.

3

Halikwenda juani. Nilishuka moja kwa moja hadi ofisini kwa meneja, Bwana Kimolo, mtu mwenye sauti ya chini ambaye anatuona sote kama watoto waliokojoa kitandani. Nilimweleza ukuta wa Bi Kidawa unaunguza. Hakushangaa hata kidogo, na hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka. Alisema paa lilikodishwa mwanzoni mwa mwaka, limewekwa kioo kikubwa cha matangazo, na vyuma vya kutupia joto vilikuwa vinazuia kioo. Vikashushwa ndani, kwenye kijichumba cha mabomba cha ghorofa ya kumi na tisa. Kwa mafriji peke yake havikuwa na madhara, alisema, kwa hiyo kama kuna joto, kuna mtu anachezea Mshipa, na je, mimi nina lolote la kumwambia?

Nilimwambia ndiyo, nimeunganisha kompyuta, nitaiondoa leo leo. Ila amfutie Bi Kidawa yale maonyo mawili, maana kelele ile ameletewa.

Akatabasamu. Akanieleza, kama mtu anayemsomesha mtoto, kwamba Sikio limepima sauti, sauti imetoka chumba cha Bi Kidawa, na onyo haliulizi sababu. Kila mkazi awajibike kwa kelele yake.

"Na joto je?" nikamwuliza.

"Sikio halisikii joto, dada."

Alisema hivyo huku anarudi kwenye karatasi zake, na mimi nikabaki nimesimama pale natamani nimshike lile shati jeupe nikambandike kifua ukutani kwa Mzee Mfaume hata kwa muda wa kunywa chai. Nilitoka bila kuaga, na nyumbani kwetu Same kutoka bila kumuaga mtu ni tusi.

4

Fainali ilikuwa siku ileile, saa tisa alasiri. Nilipofika chumbani kwangu kamati ilikuwa imeshajaa, wamevaa fulana zenye jina langu, sufuria la pilau liko sakafuni, wote wananong'ona kwa furaha. Nikawaeleza. Nikachukua spana, nikafunga koki, nikaanza kuchomoa mipira ya maji.

Erasto alinifuata hadi jikoni. Hakupaza sauti, maana hakuna anayepaza sauti Utulivu, lakini ugomvi wa kunong'ona ni mbaya kuliko wa kelele, mate ya mtu yanakufikia. Alisema tucheze fainali kwanza, ni saa mbili tu, kisha tuondoe. Nikamwambia katika saa hizo mbili Bi Kidawa atapata onyo la tatu. Akasema tumpandishie barafu. Nikamwuliza barafu itamlaza vipi mzee kwenye ukuta unaochoma. Akasema basi tumbebe mzee, tumlete hapa. Nikamkumbusha mara ya mwisho mzee alipobebwa kwenda hospitali, alirudi ubavu umevunjika, na daktari alikataza asinyanyuliwe tena.

"Dada Asnath," akasema, "watu wamejinyima. Mashine hii si yako peke yako."

"Shaba ni ya nani?"

Akarudi kwa wenzake. Lakini alikuwa na haki upande wake, na ndiyo maana nilimkasirikia zaidi. Wale watu walitoa vitu vyao kwa moyo. Kile wanachokitaka nilikuwa nakitaka mimi maradufu, na kama Erasto angenong'ona kwa upole zaidi kidogo, sijui ningefanya nini.

Nikarudisha feni kubwa ya kivivu. Nikaipunguzia kadi nguvu hadi Sikio likawa kijani chenye wasiwasi. Ningecheza hivyo, na mashine nusu, dhidi ya kijana wa Mbagala ambaye ana mashine nzima. Pengine ningefungwa, pengine nisingefungwa, lakini ningekuwa na uso wa kumtazama Bibi. Wanakamati wakabaki wakiangalia pilau. Zilibaki kama dakika ishirini. Nikasema ngoja nimpitie Bi Kidawa nimwambie alale.

5

Feni ilikuwa bado inatafuna msumari.

Nilipita bila hodi. Mzee alikuwa amefumba macho, midomo imekauka, na Bi Kidawa amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja kwenye swichi, macho kwenye Sikio, amechoka hadi anayumba. Niliweka kiganja ukutani. Ulikuwa wa moto vilevile. Nilikuwa nimefunga koki yangu saa nzima iliyopita.

Nilimpigia Erasto. Nikamwuliza nani mwingine ameunganisha. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo la kujivunia, kwamba ule mchoro wangu wa kuunganisha koki aliuweka kwenye kundi la simu la jengo baada ya nusu fainali. Watu waliupenda sana. Wengine wameunganisha kompyuta, wengine redio kubwa, mmoja ana mashine ya kugandisha barafu za kuuza. Hata yeye.

"Wangapi, Erasto?"

"Karibu kila ghorofa, dada. Wewe ndiye uliyetuonyesha."

Nilikata simu. Ghorofa kumi na nane za watu waungwana, wanaosalimiana kwenye lifti, kila mmoja amefurahia ukimya wake na kukitupia chumba kimoja moto wake, halafu asubuhi wanasoma jina la Bibi kwenye kioo na kuangalia simu. Na mchoro ni wa mkono wangu. Nilikuwa na hasira nao na hasira na nafsi yangu kwa kiasi kilekile.

Sikio likawa jekundu. Bi Kidawa akazima feni. Mzee akaanza kutweta, kifua kinapanda na kushuka kama cha ndege aliyeshikwa. Bibi akaiwasha.

Mlango wa kijichumba cha mabomba uko koridoni, pembeni ya mlango wao, wa bati, una skrubu nne. Bisibisi haitoki mfukoni mwangu, nikaufungua. Ndani kulikuwa na joto la kutoa machozi, na katikati, kwenye bomba kuu la Mshipa, gurudumu jekundu la chuma. Nilijua litafanya nini. Ukilizungusha, maji yanasimama jengo zima. Kila friji litawasha feni yake ya dharura, kila kompyuta, kila redio, kila mashine ya barafu, isipokuwa kwa Bi Kidawa, asiye na friji wala jirani wa ghorofa moja. Kila Sikio lingine litakuwa jekundu, na kila jina lingine, pamoja na langu, litapanda kwenye kioo.

Nililishika kwa ncha za kitenge changu, nikazungusha. Lilikubali. Kisha nikaliachia, na likarudi lenyewe hadi mwanzo. Lilikuwa na springi. Waliolitengeneza walitaka maji yasisimame hata kidogo isipokuwa kuna mtu amesimama pale analishikilia.

Zilikuwa zimebaki dakika chache kufika saa tisa. Kule chini kamera ya ligi ilikuwa inasubiri kiti changu kikaliwe.

Bi Kidawa alikuja mlangoni. Alitazama gurudumu, akatazama mikono yangu, akaelewa.

"Nenda ukacheze," akasema. "Nitashika mimi."

Alishika. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, na gurudumu likamburuta kama mtoto anayemvuta mama yake sokoni. Nilimtoa taratibu. Nikamwambia Bibi, nenda kakae na mzee. Nikazungusha tena hadi mwisho, nikabana mguu ukutani, nikabaki hapo.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha chini ya miguu yangu, ghorofa ya kumi na nane, friji moja likakohoa na kuanza kunguruma. La pili likajibu. Kelele ikashuka ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, mafriji, feni, redio zilizochemka, kompyuta za watu waliofuata mchoro wangu, na jengo lote la Utulivu likaanza kutetemeka. Huko chini watu wakatoka koridoni. Walikuwa wanapiga kelele ili wasikilizane, watu ambao sijawahi kusikia sauti zao, na wengine nikagundua wana sauti nzito, wengine wana kigugumizi. Soketi zikaanza kuzimwa chumba hadi chumba. Simu yangu ililia, jina la Erasto, ikakata, ikalia tena. Saa tisa ikapita. Nilisikia moyoni kiti changu kilivyokuwa kitupu, na nililia, sitasema sikulia, huku nimeling'ang'ania lile gurudumu.

Ukuta ulianza kupoa. Nilijua kwa sababu feni yenye panga lililopinda ilisimama na haikuwashwa tena. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona Bi Kidawa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono kifuani kwa mzee, unapanda na kushuka polepole. Juu ya vichwa vyao Sikio lilikuwa la kijani.

Simu ikalia mara nyingine. Bibi alikuja akaitoa mfukoni mwangu, akanishikia sikioni. Alikuwa Bwana Kimolo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa anapiga kelele. Alisema kioo chake chote ni chekundu. Alisema hawezi kuhamisha watu wa jengo zima. Alitaka nimwambie hizi kelele zinatoka wapi.

"Zinatoka kila chumba," nikamwambia, "isipokuwa kwa Bi Kidawa. Angalia kioo chako."

Nilimsikia akisoma majina mapya kwa sauti, la Bi Kidawa halimo. Mikono ilikuwa inaniwaka, na nikabadilisha mguu ukutani ili niweze kushikilia zaidi.